Mifumo Miwili, Diski Moja: Kuondoa Mmoja Bila Kuua wa Pili

Diski kuu ya kompyuta inaweza kukatwa vipande, na kila kipande kikatumika kana kwamba ni diski inayojitegemea. Vipande hivyo ndivyo mafundi wanavyoviita patisheni. Kwenye kompyuta nyingi za zamani, hasa zilizokwisha kupitia mikono ya watumiaji kadhaa, patisheni hizo hubeba mifumo endeshi miwili, Windows upande mmoja na Linux upande wa pili, na kila mashine inapowashwa hutokea orodha inayomtaka mtumiaji achague. Siku mfumo mmoja unapokuwa hautakiwi tena, wazo la kwanza huwa ni kuufuta ili nafasi yake ifanye kazi nyingine. Kufuta kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Kinachowaponza watu ni utaratibu: hufuta kwanza, kisha wakagundua kwamba ule mfumo waliotaka kubaki nao ulikuwa ukiwashwa na huo walioufuta.

Kompyuta ya zamani hapa ni ile inayowashwa na BIOS, programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe, na ambayo diski yake imegawanywa kwa utaratibu uliozaliwa Machi 1983, IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10 pamoja na toleo la 2.0 la mfumo wa DOS. Utaratibu huo ulidumu bila mabadiliko makubwa kwa takriban miaka 30. Ni baada ya Windows 8 kutoka mwaka 2012 ndipo kompyuta nyingi mpya zilipoanza kuja na UEFI badala ya BIOS, na jedwali la namna nyingine. Mashine za kabla ya hapo bado zipo kazini: kwenye maabara za shule, kwenye steshenari, na kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Kwa mashine hizi nafasi ni mali. Diski yenye gigabaiti 40 ambayo 15 zimeshikiliwa na mfumo usiofunguliwa na mtu ni hasara ya kweli, na hiyo ndiyo sababu kazi hii inastahili kufanywa, na kufanywa vizuri.

Habari kuu za mgawanyo wa diski zimo ndani ya sekta yake ya kwanza kabisa, yenye baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo zimetengewa programu ndogo ya kuwashia. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, lenye mistari minne ya baiti 16 kila mmoja. Baiti 2 za mwisho ni alama, 55 na AA, inayoijulisha BIOS kwamba sekta hiyo ni halali. Kila mstari wa jedwali hutaja mambo machache: patisheni inaanzia wapi, ina urefu gani, ni ya aina gani, na kama ndiyo patisheni hai, yaani ile itakayowashwa. Hakuna jina la mtu, hakuna jina la faili, hakuna hata jina la mfumo.

Mistari minne haikuwekwa kwa bahati. Tangu mwanzo ilikusudiwa kwamba mifumo tofauti iweze kukaa kwenye diski moja, kila mmoja na mstari wake, na kila mmoja uheshimu mipaka ya mwenzake. Muda si mrefu minne ikawa haitoshi. Mwaka 1987, DOS 3.3 ilileta patisheni pana: mstari mmoja kati ya ile minne hukoma kuwa patisheni ya kawaida na kuwa ganda, ambalo ndani yake hukaa patisheni nyingine zilizofungamana kama mnyororo, kila moja ikionyesha inayofuata ilipo. Linux huzipa patisheni kuu namba 1 hadi 4, na zile za ndani ya ganda huanzia namba 5. Tofauti hiyo ina maana kubwa wakati wa kufuta, kwa sababu pete moja ya mnyororo ikiondolewa, namba za zinazofuata hushuka: namba 6 huwa 5, namba 7 huwa 6. Patisheni kuu hazina tabia hiyo. Namba 2 ikifutwa, namba 3 hubaki 3.

Aina ya patisheni huandikwa kwa baiti moja, na mafundi huisoma kwa hesabu ya msingi wa 16. Linux hutumia 83 kwa patisheni yenye mafaili na 82 kwa ile ya kusaidia kumbukumbu. FAT32 ya Windows 98 ni 0B au 0C, NTFS ni 07, ganda la patisheni pana ni 05 au 0F, na FreeBSD ni A5. Namba hizi ni lebo ya nje tu. Kilichomo ndani huweza kuwa tofauti kabisa, na zipo namba zinazotumiwa na mifumo miwili isiyohusiana: 07 ilikuwa ya OS/2 ya IBM kabla Microsoft haijaitumia kwa NTFS, na 82 ilitumiwa pia na Solaris, kiasi kwamba mtu anaweza kufuta mfumo mzima wa Solaris akidhani anaondoa patisheni ya kumbukumbu ya Linux. Kwa hiyo lebo haitoshi kutolea hukumu ya kufuta. Ukubwa wa patisheni, mahali ilipo kwenye diski na mafaili yaliyomo ndani yake vyote vitazamwe kwanza.

Sasa kuhusu kuwasha, ambako ndiko matatizo mengi huanzia. BIOS haiijui Windows wala Linux. Ikishamaliza kukagua kumbukumbu na vifaa, husoma ile sekta ya kwanza ya diski, huipakia kwenye kumbukumbu, kisha huiachia usukani. Programu ndogo ya Microsoft inayokaa hapo hufanya kazi rahisi: hutazama jedwali, hutafuta patisheni hai, husoma sekta ya kwanza ya patisheni hiyo na kuendelea. Linux inaposakinishwa kando ya Windows, kwa kawaida huiondoa programu hiyo na kuweka ya kwake. Kwenye mashine za miaka ya 1990 programu hiyo ilikuwa LILO. Baadaye GRUB ilichukua nafasi yake karibu kila mahali. Lakini baiti 446 hazitoshi kubeba menyu, rangi na uwezo wa kusoma mafaili. Kwa sababu hiyo GRUB hugawanyika: kichwa chake hukaa kwenye sekta ya kwanza, shingo hukaa kwenye sekta tupu zinazofuata kabla ya patisheni ya kwanza, na mwili wenyewe hukaa ndani ya patisheni ya Linux, kwenye folda ya boot.

Anayefuta patisheni ya Linux hufuta mwili huo na kuacha kichwa. Kompyuta ikiwashwa, GRUB ya zamani hutafuta mafaili yake, huyakosa, na husimama ikiandika Error 22, maana yake patisheni iliyotajwa haipo, au Error 17, maana yake patisheni haisomeki. GRUB 2 hutoa ujumbe wa kukosa patisheni na kubaki kwenye amri ya grub rescue. Windows ipo salama kabisa mahali pake, haijaguswa hata baiti moja, lakini hakuna wa kuifikia. LILO ina hila zaidi. Yenyewe haisomi majina ya mafaili. Huandika anwani za sekta zenyewe zilipo kwenye diski. Ndiyo maana patisheni ya Linux ikifutwa kwenye jedwali, LILO huendelea kuwasha Windows kana kwamba hakuna lililotokea, na mtumiaji hufurahi. Siku nafasi ile inapofomatiwa na kuandikwa mafaili mapya, zile sekta hupotea, na asubuhi inayofuata skrini huishia kwenye herufi L au LI, mwanzo wa jina lake ambalo haliwezi tena kulikamilisha.

Kanuni inayotokana na hayo ni moja, na ndiyo uti wa mgongo wa kazi nzima: mfumo unaobaki uwezeshwe kwanza kuwaka wenyewe, ujaribiwe, na ndipo mfumo unaoondoka ufutwe. Kwa utaratibu huo, hata jambo likiharibika katikati, bado kila patisheni ipo na kila faili lipo.

Kabla ya yote hufanywa nakala ya akiba ya mafaili yanayohitajika, kwenye flashi au diski ya nje, na nakala hiyo hufunguliwa ili kuthibitisha kwamba inasomeka. Ramani ya diski nayo huandikwa kwenye karatasi: patisheni ngapi, ukubwa gani, kwa mpangilio upi. Karatasi ni bora kuliko faili, kwa kuwa faili lililo ndani ya kompyuta isiyowaka halisomeki. Penye Linux, sekta ya kwanza yenyewe inaweza kunakiliwa kwa amri moja: `dd if=/dev/hda of=sekta.bin bs=512 count=1`, na faili linalopatikana huhifadhiwa nje. Diski ya kwanza ya waya mpana wa zamani huitwa hda kwenye Linux za zamani. Kwenye matoleo ya karibu mwaka 2007 na kuendelea huitwa sda. Nakala hiyo haibebi mnyororo wa patisheni za ndani, ila hubeba mistari minne mikuu, na mara nyingi hiyo ndiyo inayookoa.

Pia ni vyema kuhakikisha kama kweli kuna patisheni ya kufuta. Kuanzia mwaka 2008 Ubuntu ilikuja na programu ya Wubi, iliyoiweka Linux nzima ndani ya faili kubwa kwenye folda ya Windows. Kompyuta ya namna hiyo huonyesha menyu ya mifumo miwili kama nyingine, lakini diski haina kipande cha Linux. Huondolewa kama programu yoyote ile, kupitia orodha ya programu za Windows, na kazi ikaishia hapo.

Kurudisha programu ya kuwashia ya Microsoft hutegemea toleo la Windows. Kwenye Windows 95 na 98, kompyuta huwashwa kwa disketi ya kuanzishia na kupewa amri `fdisk /mbr`, ambayo huandika upya programu ya sekta ya kwanza na kuliacha jedwali lilivyo. Kwa Windows 2000 na XP hutumika CD ya kusakinishia: baada ya kuwaka hubonyezwa herufi R, huchaguliwa Windows inayohusika, huandikwa nywila ya msimamizi, kisha amri ya `fixmbr`. Hapo skrini hutoa onyo kali kwamba sekta inaonekana kuwa si ya kawaida na kwamba jedwali linaweza kuharibika. Penye GRUB au LILO onyo hilo ni la kutarajiwa, kwani sekta kweli si ya Microsoft. Kwa Windows Vista na 7 huwashwa DVD, huchaguliwa kurekebisha kompyuta badala ya kusakinisha, na kwenye dirisha la amri huandikwa `bootrec /fixmbr`.

Kuna hali mbili ambazo amri hizi huleta maafa, na zote hupatikana kwenye mashine kongwe tu. Ya kwanza ni kompyuta za miaka ya 1990 ambazo BIOS yake haikuweza kutambua diski kubwa kupita kiwango fulani, kama kile kizuizi maarufu cha megabaiti 504. Wenye diski kubwa zaidi walitumia programu kama Disk Manager ya Ontrack, iliyokaa kwenye sekta ya kwanza na kuidanganya BIOS. Ikifutwa kwa `fdisk /mbr`, diski yote hutoweka machoni pa Windows. Ya pili ni virusi vya sekta ya kuwashia. Kirusi kiitwacho Monkey, kwa mfano, kililificha jedwali la kweli mahali pengine kwa maandishi ya siri na kulionyesha pale tu chenyewe kinapokuwa kinafanya kazi; kukifuta kwa amri hiyo ni sawa na kulitupa jedwali. Kompyuta ya umri huo ikaguliwe virusi na itazamwe maandishi yanayopita haraka wakati wa kuwaka, kabla ya amri yoyote kuandikwa.

Kwa kompyuta za mtumba, CD ya Windows mara nyingi haipo. Njia nyingine hupitia Linux yenyewe kabla haijaondolewa. LILO hutunza nakala ya sekta iliyoikuta, na amri ya `lilo -u` huirudisha. Kwa GRUB inaweza kutumika programu ndogo ya kuwashia iliyomo kwenye furushi la Syslinux, faili liitwalo mbr.bin, ambayo kama ile ya Microsoft hutafuta patisheni hai na kuiwasha. Huandikwa kwa `dd if=mbr.bin of=/dev/hda bs=440 count=1`. Hesabu ya 440 haina mjadala. Zikiandikwa baiti 512 kamili, jedwali zima hufutwa. Hata 446 ni nyingi mno, kwa sababu baiti 4 zinazoanzia ya 440 ni saini ambayo Windows za kuanzia NT huitumia kuitambua diski na kugawa herufi zake.

Baada ya hapo alama ya patisheni hai huthibitishwa kuwa iko kwenye patisheni ya Windows, kwa kuwa GRUB haikuihitaji na huenda iliachwa popote. Kompyuta huzimwa na kuwashwa. Ikiingia Windows moja kwa moja bila menyu, sasa Linux ni mgeni asiye na kazi na anaweza kuondolewa.

Kwa Windows XP na 7 huondolewa ndani ya Windows yenyewe, kwenye Disk Management, inayofunguliwa kwa kuandika `diskmgmt.msc`. Patisheni za Linux huonekana hapo bila herufi na bila jina la mfumo wa mafaili, kwa sababu Windows haiwezi kuzisoma. Huo ndio wakati wa kutoa karatasi ya ramani. Zilizofutwa zikiwa patisheni kuu, nafasi huwa nyeusi; zikiwa za ndani ya ganda, huwa ya kijani, na ganda lenyewe, kama halina kitu kingine, hufutwa mara ya pili ndipo nafasi iwe huru kweli.

Si kila patisheni isiyo na herufi ni ya Linux, na hapa wengi wameumia. Windows 7 ikisakinishwa kwenye diski tupu hutenga mwanzoni kipande cha megabaiti 100 ambacho hakionekani kwenye orodha ya diski. Ndicho chenye programu ya kuwashia ya Windows na kumbukumbu zake. Kikifutwa kama uchafu, Windows haiwaki. Watengenezaji wa kompyuta nao huweka patisheni zao zilizofichwa: za kupimia vifaa, au za kurudishia mashine katika hali ya kiwandani. Hizo za mwisho ni hazina kwa mwenye kompyuta isiyo na CD, na gigabaiti chache zinazopatikana kwa kuzifuta hazifikii thamani yake.

Windows 98 ni habari nyingine. Chombo chake ni FDISK, ambayo patisheni yoyote isiyo yake huiita Non-DOS na ina kipengele maalumu cha kuifuta kwenye menyu ya kufuta. Kipengele hicho huona patisheni kuu tu. Linux ikiwa imekaa ndani ya ganda, FDISK huingia katika mkwamo uliowachosha mafundi wa zama hizo: ikiambiwa ifute ganda, hukataa ikisema ndani yake mna diski, ikiambiwa ifute hizo diski za ndani, hujibu kwamba hakuna. Yote mawili ni kweli kwa namna yake, kwa sababu kilichomo ni patisheni ya Linux, ambayo FDISK inaihesabu lakini haiitambui. Kung'ang'ana nayo ni kupoteza muda. Toleo la awali la FDISK hiyo pia hukosea ukubwa wa diski zinazozidi gigabaiti 64, kwa hiyo takwimu zake kwenye diski kubwa zisiaminiwe.

Dawa ya mkwamo huo ni fdisk ya Linux, yenye jina linalofanana lakini tabia tofauti kabisa. Hufunguliwa kutoka CD ya Linux inayowaka bila kusakinishwa, kama Knoppix, ili patisheni zinazofutwa zisiwe zinatumika. Huandikwa `fdisk /dev/hda`, kisha hufanya kazi kwa herufi moja moja: p huonyesha jedwali, d hufuta patisheni ambayo namba yake itatajwa, w huandika mabadiliko kwenye diski, na q hutoka bila kuandika. Uzuri wake mkubwa uko kwenye hizo mbili za mwisho. Hadi w ibonyezwe, kila kilichofanyika kipo kwenye kumbukumbu tu. Diski haijaguswa, na mwenye shaka anaweza kutoka kwa q akaanza upya. Patisheni za ndani zifutwe kuanzia namba kubwa kurudi nyuma, ili kushuka kwa namba kusimchanganye mfutaji akafuta ya jirani. Baada ya kila d hubonyezwa p, na linaloonekana hulinganishwa na karatasi.

Nafasi ikishapatikana, swali linalofuata ni namna ya kuitumia. Iliyo rahisi ni kutengeneza patisheni mpya na kuifomati, ikawa diski ya D ya kuwekea mafaili. Wanaotaka kuiunganisha na C hukutana na kikwazo cha mahali. Windows 7 inaweza kuipanua C kwa nafasi iliyo mara tu baada yake, upande wa kulia. Nafasi ya kushoto haiwezi kuitumia. Windows XP haiwezi kuipanua patisheni inayoiwasha hata kidogo. Na mara nyingi sehemu ya nafasi ya Linux iko kushoto, kwa sababu LILO za zamani hazikuweza kusoma ng'ambo ya silinda ya 1024, hivyo wasakinishaji walizoea kutenga kipande kidogo cha boot mwanzoni mwa diski. Programu ya GParted, inayopatikana bure kwenye CD yake, huweza kuisogeza patisheni nzima kuelekea kushoto, lakini maana yake ni kuhamisha kila sekta ya Windows kwa masaa, na umeme ukikatika katikati hakuna uhakika wa kitakachobaki. Bila laptopu yenye betri nzima au UPS ya kutegemewa, kuacha megabaiti 100 zipotee mwanzoni mwa diski ni uamuzi wa busara kuliko kuzifukuzia. Na Windows 7 ikijitolea kuigeuza diski kuwa ya aina ya dynamic kwa kuwa mistari minne imejaa, jibu liwe hapana: vyombo vya Windows haviwezi kuirudisha katika hali ya kawaida bila kufuta kila kitu.

Windows XP yaweza kugoma kuwaka hata pale sekta ya kwanza ilipo sahihi, ikilalamika kwamba faili la hal.dll limepotea. Faili hilo huwa lipo. Lililoharibika ni hesabu: faili la kuwashia la boot.ini huitaja Windows kwa namba ya patisheni, na hesabu hiyo huanza na patisheni kuu kisha za ndani. Windows iliyokaa ndani ya ganda ikiwa ya tatu kwa hesabu hiyo huwa ya pili mara patisheni kuu ya Linux inapoondolewa, na boot.ini hubaki ikielekeza pasipo na kitu. Namba hurekebishwa kwenye faili hilo, au hutumika amri ya `bootcfg /rebuild` kutoka CD ya XP.

Upande wa pili wa kazi hii ni kuiondoa Windows na kubaki na Linux, jambo lililoongezeka baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Huku ni kwepesi zaidi, kwani programu ya kuwashia ni ya Linux yenyewe. Patisheni ya NTFS hufutwa au kufomatiwa upya kwa GParted, menyu ya GRUB husafishwa, na nafasi huunganishwa kwenye mafaili ya Linux. Yanayohitaji uangalifu ni mawili. Linux za zamani huandika kwenye faili la /etc/fstab namba ya kila patisheni. Kama iliyofutwa ilikuwa ndani ya ganda, namba zilizoshuka huandikwa upya kwenye faili hilo na kwenye menyu ya GRUB kabla ya kuzima mashine. Matoleo ya baadaye hutambua patisheni kwa utambulisho wake mrefu wa UUID, ambao haubadiliki kwa sababu ya jirani kuondoka. Pili, baadhi ya BIOS hukataa kuwasha diski isiyo na patisheni hai hata moja. GRUB haijali alama hiyo, lakini BIOS inaijali, kwa hiyo patisheni ya Windows iliyokuwa nayo ikiondoka, alama ihamishiwe kwenye patisheni ya Linux.

Linabaki suala la siri za mtu. Kufuta patisheni ni kubadili baiti 16 kwenye jedwali, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu na kuziacha sura zote zilivyo. Kwa aliyefuta kwa makosa hiyo ni rehema: programu ya TestDisk ya Christophe Grenier hupekua diski ikitafuta alama za mwanzo wa patisheni zilizopotea, na mara nyingi huweza kulijenga jedwali upya, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Kwa anayeuza kompyuta au kuigawa shuleni ni hatari. Barua, picha na nywila zilizokuwamo zinaweza kurudishwa na yeyote mwenye programu hiyo hiyo. Kufomati si kinga ya kutosha: hadi Windows XP, hata ule ufomati kamili ulikagua tu kama sekta zinasomeka, na ni kuanzia Vista ndipo ulipoanza kuandika sifuri juu ya kila sekta. Palipo na XP, nafasi iliyochukuliwa kutoka kwa Linux ikishafomatiwa kuwa NTFS na kupewa herufi D, amri ya `cipher /w:D:\` huandika juu ya sehemu yote isiyotumika. Diski nzima inayotoka mikononi mwa mwenyewe husafishwa kwa CD ya Linux na amri ya `dd if=/dev/zero of=/dev/hda`, isiyouliza swali lolote kabla ya kuanza, au kwa `clean all` ya diskpart kwenye Windows 7. Diski kongwe ya gigabaiti 80 huweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Ikimalizika, jedwali, mnyororo, GRUB na mafaili yote huwa yameondoka pamoja, na msakinishaji wa mfumo wowote atakayefuata ataikuta diski haina mgawanyo wowote na kuigawanya anavyotaka.